La Kushoto ni Urembo

Barua ya kwanza ilikuja Machi mwaka jana, theluji ingali mlangoni.
"Bwana Emmett Lindqvist," walisema, kwa heshima zote,
"upasuaji unaouomba ni wa urembo."
Niliisoma nimesimama, viatu vya kazi mguuni,
vumbi la madini limenikaa hadi kwenye kope.
Urembo!
Mimi, ninayepakia chuma melini bandari ya Duluth,
mwenye kucha kama za mchimba kaburi,
naambiwa nataka kupendeza.

Nina miaka thelathini na mmoja.
Kumi na minane kati yake nimeishi ndani ya fulana mbili,
moja ya kubana, moja ya kudanganya,
hata Julai, hata ziwani,
wenzangu wakijirusha majini kama vyura
na mimi ufukweni nawalindia viatu.
Nilikuwa mlinzi hodari wa viatu.

Wahenga husema mficha uchi hazai.
Haya, nikafichua.
Kliniki, ukuta mweupe, muuguzi Marisol na kamera:
mbele, ubavu, mikono juu.
"Pumua," akasema, "mimi naona mgongo wa kamera tu."
Ulikuwa uongo, na nilimshukuru.
Picha sita zikaenda mji nisioujua, kwa watu nisiowajua,
wazipitie kati ya kahawa na chakula cha mchana.

Wakajibu: punguza uzito.
Nikapunguza. Kilo kumi na mbili.
Mashavu yakaingia, suruali ikadai kamba,
tumbo likaaga likaenda zake.
Yenyewe yakabaki,
kama mawe mawili barafu ikishayeyuka.
Daktari Osgood akabonyeza: "Haya si mafuta. Ni tezi."
Akaliandika neno hilo kwa herufi kubwa,
akalipigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.

Wakajibu: leta damu. Nikaleta damu.
Leta homoni, leta ini, leta korodani kwa altrasaundi.
Leta ushahidi wa maumivu.
Maumivu yana risiti?
Nikaandika: mkanda wa gari. Kamba ya mfuko wa zana, bega la kulia.
Nikaandika: Signe, binti ya dada yangu, miaka minne,
alijilaza kifuani pangu akasema,
"Mjomba, wewe laini kama mama,"
na meza nzima ikageuka kutazama viazi.
Hilo la mwisho nikalifuta.
Halafu nikalirudisha.

Simu. Bonyeza moja. Bonyeza nne.
Dakika hamsini na mbili za piano ileile,
kisha Rochelle, akasoma alichopewa asome,
hana haraka, hana kosa.
Alipomaliza akanyamaza, akashusha sauti:
"Andika 'inazuia kazi.' Usiandike 'aibu.'
Aibu haina msimbo hapa, kaka. Hailipiwi."

Nikamfuta Signe mara ya pili.
Rufaa ya kwanza, rufaa ya pili,
bahasha nene kama mkate.

Jana jibu limekuja. Nimelifungulia garini, injini inanguruma:
"Tumeridhia upasuaji wa titi la kulia,
ambako maumivu yamethibitishwa.
La kushoto, kwa kukosa maelezo, linabaki kuwa urembo."

Nilicheka mpaka kioo cha mbele kikaingia ukungu.
La kulia mgonjwa, la kushoto mrembo!
Nusu yangu iingie chumba cha upasuaji,
nusu ingoje nje, imeshika pochi.
Nikainama, nikaliambia lile la kushoto,
"Umesikia, bibie?"
Sijawahi kusema nalo kabla ya jana.

Leo niko jikoni, simu begani, piano imeanza tena.
Ni joto. Nimevua fulana ya kudanganya,
na ile ya kubana pia, dirisha wazi,
bila kukusudia, au kwa kukusudia, sijui.
Jirani anamwagilia nyanya. Ameinua uso,
amenipungia mkono kama siku zote.
Nami nikampungia, wa kushoto,
kwa kuwa wa kulia una kalamu.
Bonyeza moja.
Bonyeza nne.